Nilipokuwa Nikihesabu Mapigo Yangu

Baba yangu alikufa akiwa ameshika jembe. Nilikuwa darasa la nne. Siku hiyo tulikuwa shambani kule Mukuyuni, yeye, mama na mimi, tukipalilia mbaazi. Aliinua mgongo, akaweka mkono kifuani kama mtu anayetafuta kalamu mfukoni, akakaa chini polepole, kisha akalala ubavu. Mama alifikiri amechoka, akaendelea na mstari wake mpaka mwisho. Aliporudi ndipo alipopiga yowe.

Majirani wengine walisema ni uoi, uchawi wa mtu aliyeyaonea wivu mazao yetu. Watu wa kanisa walisema ni mapenzi ya Mungu. Miaka zaidi ya kumi ikapita kabla sijasikia maelezo mengine. Nilikuwa chuo cha walimu, na mkufunzi alichora moyo ubaoni akatuambia kwamba hata moyo, ambao kazi yake ni kusukuma damu iende kila pembe ya mwili, nao una mishipa yake midogo ya kuulisha. Mshipa mmoja ukiziba, alisema, mtu anaweza kuanguka akiwa mzima kabisa, akiwa kazini. Niliandika maneno hayo daftarini. Nilipoyasoma baadaye niliona sentensi hiyo moja nimeiandika mara tatu.

Katikati ya miaka ya sabini nilipelekwa kufundisha Nuu, upande wa Kitui, safari ya siku nzima kutoka kwetu. Nilikuwa nimeoa miezi minne tu. Mke wangu alikuwa binti wa mzee wa kanisa wa Tawa, msichana mrefu, mcheshi, aliyeimba alto bila kuangalia kitabu. Tulipewa nyumba ya mabati ya vyumba viwili pembeni mwa uwanja wa shule. Maji yalichotwa mtoni, na mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu. Wanawake walichimba visima kwenye mchanga, wakangoja maji yajichuje, wakayachota kwa kibuyu. Mke wangu alizoea haraka kuliko mimi. Mwezi wa pili wenyeji walikuwa wakimsalimia kama binti yao.

Mwalimu mkuu alinipa somo la sayansi darasa la saba. Tulipofika kwenye mwili wa binadamu, niliona picha za kitabu hazitoshi, maana vitabu vyenyewe vilikuwa saba kwa watoto arobaini. Kamati ya shule ilikuwa imetoa mbuzi wa sherehe ya wazazi. Nikaomba nipewe matumbo na viungo vya ndani kabla ya mpishi kuvichukua. Asubuhi hiyo tulivipanga juu ya bati lililooshwa, chini ya kivuli cha ukuta wa darasa. Watoto walikuwa wakijua mbuzi kunishinda; walikuwa wamechinja tangu wakiwa wadogo. Lakini hakuna aliyewahi kuwauliza kila kitu kinafanya kazi gani.

Nilipuliza mapafu kwa bua la mpapai, yakafura na kuwa meupe-meupe, watoto wakapiga makofi. Nilipasua figo kwa wembe nikawaonyesha pale damu inapochujwa, uchafu ukashuka kwenye kibofu na kilicho kizuri kikarudi mwilini. Nilieleza ini na nyongo, utumbo mwembamba na mnene. Nilikuwa nikifurahia kazi yangu, nakiri. Kisha nikapasua moyo.

Ndani ya moyo kuna milango. Ni ngozi nyembamba kama ganda la ndani la yai, imefungwa kwa nyuzi nyeupe zinazofanana na uzi wa kushonea. Milango hiyo hufunguka damu ipite na kujifunga isirudi. Nilikuwa nimeisoma, nimeichora, lakini sikuwahi kuishika. Nilivuta uzi mmoja kwa ncha ya wembe, ukakatika.

"Mwalimu," mtoto mmoja wa mbele aliuliza, "na hiyo ikikatika mtu akiwa hai?"

Nilisema muda umekwisha.

Tangu siku hiyo nilianza kushika kifundo cha mkono wangu. Mwanzoni ilikuwa jioni, nikiwa nimekaa mlangoni. Baadaye ikawa asubuhi na jioni, na mwishowe hata katikati ya somo, nikiwa nimewapa watoto hesabu za kufanya. Nilikuwa na saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde. Nilihesabu mapigo ya dakika nzima. Juma la pili nilisikia pigo moja limerukwa. Moyo ulipiga, ukapiga, ukanyamaza kidogo, kisha ukapiga kwa kishindo kama mtu aliyejikwaa. Jasho lilinitoka miguuni. Sikujua kwamba miguu hutoka jasho la woga.

Nilienda dispensari. Aliyekuwa akiihudumia alikuwa mzee mnene wa makamo, aliyejifunza kazi yake kwa miaka mingi kwenye wodi kabla ya kupelekwa huko peke yake. Watu wote walimwita daktari. Aliweka chombo chake kifuani mwangu, akafumba macho.

"Mwalimu, hii moyo iko sawa," alisema.

"Inaruka."

"Hata yangu inaruka. Ya kila mtu inaruka mara moja moja. Unakunywa chai nyingi?"

"Baba yangu alikufa ghafla."

Alinitazama. "Pole. Lakini wewe uko sawa."

Sikumwamini. Nilirudi juma lililofuata, na lililofuata. Niliacha chumvi. Niliacha nyama yenye mafuta. Niliacha kubeba kitu kizito, hata mtungi wa maji kutoka mlangoni hadi jikoni, na mke wangu akaubeba. Niliagiza kitabu kikubwa cha magonjwa kwa posta kutoka Nairobi, na kila sura niliyoisoma niliugua kwa siku mbili. Nikisoma ini, ubavu wa kulia unauma. Nikisoma mapafu, nakohoa. Nilimwambia mke wangu kila kitu. Alinisikiliza akichambua maharagwe, akaniambia nisiogope, tutaomba. Aliomba kweli, kwa sauti, akilitaja jina langu na moyo wangu.

Wakati huo alikuwa mja mzito. Alikuwa ameniambia tukiwa na mwezi wa tatu pale, naye alicheka aliponiambia, nami nilifurahi kwa siku kadhaa. Kisha nikaanza kufikiri kwamba nitakufa kabla mtoto hajazaliwa, na furaha ile ikawa kitu kingine cha kuniogopesha.

Sasa nataka kueleza jambo ambalo ni gumu kulisema. Mwezi wake wa saba ukiisha, miguu yake ilivimba. Viatu vyake vya kanisani vilikataa kuingia, akaenda ibadani na ndala. Nilimwona amekaa kwenye kigoda akijibonyeza mguu juu ya kifundo kwa kidole gumba, akiangalia shimo lililobaki pale.

"Mwalimu, ona," aliniambia. Aliniita hivyo kama watu wengine wote. "Inabaki kama unga."

"Ni joto," nilisema. "Inua miguu."

Mimi niliyekuwa nimewafundisha watoto kazi ya figo. Mimi niliyekuwa na kitabu kikubwa mezani, kikiwa wazi kwenye sura ya moyo.

Siku chache baadaye alisema kichwa kinamwuma, hapa mbele, juu ya macho. Nilimwambia hata mimi kinaniuma. Uso wake ulikuwa umejaa, na mashavu yamekuwa ya mviringo. Wanawake wa mtoni walimsifu kwamba amenenepa vizuri. Jumapili moja wakati wa wimbo aliketi ghafla. Nilipomwuliza alisema ameona vitu kama vimulimuli vikiruka mbele yake, mchana ule. Kisha akatabasamu akaniambia, "Usijali, wewe usijisumbue na moyo wako." Alinificha mengine. Hayo nilikuja kuyajua baadaye.

Ilikuwa siku ya soko, saa nne asubuhi. Nilikuwa ubaoni nikifundisha sehemu na desimali, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshikwa na wa kulia, kama kawaida. Niliona wanawake wawili wakikimbia uwanjani. Wanawake wa pale hawakimbii ovyo. Mmoja alikuwa amepoteza leso.

"Mke wa mwalimu!" alipiga kelele kabla hajafika. "Ameanguka mtoni! Anatikisika mwili wote!"

Nilikimbia. Ni umbali wa robo saa kwa miguu, na nilikimbia wote bila kusimama. Sikukumbuka moyo wangu hata mara moja.

Nilimkuta amelala kwenye mchanga kando ya kisima, na mwili wote ukikakamaa na kutikisika. Macho yalikuwa yamegeuka meupe. Povu lenye damu lilimtoka mdomoni. Mtungi ulikuwa umepinduka na maji yamekwisha kunywewa na mchanga. Wanawake wapatao kumi walikuwa wamesimama, wengine wakilia, wengine wakiomba. Bibi mmoja alikuwa akisema ni maimu, roho za wazee, zimemshika kwa sababu ni mgeni na ameletwa huku bila kutambulishwa. Mwingine alikuwa amepiga magoti akijaribu kumtia kijiti kati ya meno.

"Toa hiyo! Toa!" Sauti ilikuwa ya mzee wa dispensari. Alikuwa ameitwa na watu wengine, na alikuja akihema, mkoba kifuani. Alipiga magoti, akamgeuza mke wangu alale kwa ubavu wa kushoto, akamfuta povu kwa shati lake mwenyewe. "Msimshike kwa nguvu. Mwangalieni tu asijigonge. Atatulia."

Akatulia. Lakini hakuamka. Alikuwa akikoroma kwa sauti nzito ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwake. Tulimbeba kwa blanketi mpaka dispensari. Yule mzee alimfunga kitambaa cha presha mkononi, akakijaza hewa, akasikiliza. Akakijaza tena. Niliona hakufumba macho, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu huyu alikuwa mtu aliyefumba macho kwa utulivu kila nilipomletea hofu zangu za bure.

Alichukua mkojo wa mke wangu kidogo kwa mrija wa mpira, akautia kwenye chupa nyembamba ya kioo, akaushika juu ya moto wa taa ya spiriti. Mkojo ulipochemka uligeuka mzito na mweupe, kama ute wa yai kwenye sufuria.

"Unaona?" alisema. "Hiyo ni protini. Figo inavuja. Mwalimu, hii ni kifafa cha mimba. Alikuwa anavimba?"

"Ndiyo."

"Kichwa?"

"Ndiyo."

"Macho?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mimi hapa sina kitu ya kufanya zaidi ya sindano ya kumtuliza. Mtoto lazima atoke, na lazima atoke hospitali. Tafuta gari."

Gari lililokuwepo Nuu siku hiyo ni lori la mfanyabiashara wa mbuzi. Lilikuwa limeshapakiwa. Nilimkuta dereva akinywa chai, nikashindwa kuunganisha maneno. Nilisema "mke wangu" mara kadhaa. Alisimama akaiacha chai. Mwenye mbuzi, mtu ambaye hatukuwa tumewahi kusalimiana, alifungua mlango wa nyuma akaanza kuwateremsha wanyama mwenyewe, mmoja mmoja, akiwashika miguu. Walifagia kinyesi kwa matawi. Tukaweka godoro letu, tukamlaza, tukafunga turubai juu kwa ajili ya jua. Yule mzee wa dispensari alipanda pia, akamwachia bibi mmoja ufunguo wa dispensari.

Barabara ya kwenda Mwingi ilikuwa ya mchanga na mawe. Nilikaa nimemshikilia kichwa katikati ya magoti yangu. Sura za moyo, figo na ini nilikuwa nimezisoma, na yaliyohusu mimba mzee alinieleza tulipokuwa tukienda. Basi nilijua kila kilichokuwa kikitendeka ndani yake, na kujua huko hakukunisaidia kitu. Nilijua mishipa yake yote imejikaza kama kamba iliyoloa, na damu inapita kwa kusukumana. Nilijua figo zinamwaga kile zinachopaswa kukizuia. Nilijua ubongo wake umevimba ndani ya fuvu lisiloweza kupanuka. Nilijua ini linaweza kupasuka. Nilijua mtoto analishwa kwa kondo la nyuma, na kondo hilo likikosa damu, mtoto anakuwa kama mtu aliyezibwa pua. Nilitamani ningekuwa yule bibi wa mtoni, niseme ni maimu, nichinje kitu, yaishe.

Katikati ya safari tuliingia kwenye mto mkavu na magurudumu yakazama. Dereva alirudisha nyuma, akaenda mbele, tukazidi kuzama. Na pale pale, lori likiwa limeinama upande, kifafa kikamshika tena. Nilihesabu. Sikuwa na la kufanya ila kuhesabu sekunde, na mzee wa dispensari alimshika taya. Mke wangu alikata pumzi. Uso wake ukawa wa rangi ya majivu, midomo ikawa ya buluu, na kifua hakikupanda. Nilifika thelathini na tano.

"Pumua," mzee alikuwa akisema kwa Kikamba, kwa upole, kama anayembembeleza mtoto ale. "Pumua, mama. Pumua."

Arobaini na mbili. Ndipo alipovuta hewa kwa sauti kama ya mlango unaokwaruza.

Wachungaji waliokuwa wakinywesha mifugo karibu walikuja wakiwa sita, wakakata matawi ya migunga wakayatia chini ya magurudumu, wakasukuma. Hawakuuliza chochote. Mmoja alichungulia ndani, akavua kofia.

Tulifika hospitali saa tisa. Daktari alikuwa kijana, pengine mdogo kuliko mimi. Alinipa karatasi ya kutia sahihi ili apasuliwe. Nilimwuliza kama atapona.

"Sitakudanganya," alisema. "Presha yake iko juu sana. Tusipompasua, nitawapoteza wote wawili. Tukimpasua, tunaweza kumpata mmoja, tunaweza kuwapata wote."

"Imetoka wapi hii? Alikula nini?"

"Hakula kitu. Chanzo chake hata sisi hatukijui vizuri. Tunajua tu ishara zake, na tunajua dawa yake ni kumtoa mtoto."

Ishara zake. Nilitia sahihi.

Walimtoa mtoto wa kiume akiwa hai. Alikuwa mdogo, miezi minane haijatimia, na ngozi yake ilikuwa na manyoya laini mabegani. Muuguzi alinionyesha. Alikuwa akipumua haraka, na kila akivuta pumzi ngozi iliingia katikati ya mbavu. Mapafu hayakuwa yamekomaa. Muuguzi aliniambia hivyo kwa sauti ya chini, akimfunika vizuri.

Mke wangu aliamka siku ya pili, adhuhuri. Jua lilikuwa likimwangaza usoni kutoka dirishani. Nilikuwa nimemshika mkono. Alilamba midomo, akageuza kichwa huku na huku.

"Mwalimu?"

"Niko hapa."

"Mbona mmefunga madirisha?"

Nilitazama dirisha. Nilitazama macho yake. Yalikuwa wazi, mazuri kama kawaida, na hayakuniona.

"Fungueni kidogo," alisema. "Hewa iingie."

Nilimwambia tutafungua. Nikatoka nje. Nilimtafuta daktari, akaja na tochi, akammulika. Alimweleza yeye mwenyewe, si mimi. Alimwambia ugonjwa huu huweza kuvimbisha sehemu ya ubongo inayoona, nyuma ya kichwa, na mara nyingi uvimbe hushuka na mtu akaona tena. Mke wangu aliuliza, "Mara nyingi?" Daktari akasema, "Mara nyingi." Hakuuliza tena. Alisema anataka mtoto wake.

Walimletea kwa muda mfupi. Alimshika kwa vidole. Alipitisha kidole kwenye paji la uso, kwenye masikio, akahesabu vidole vya miguu.

"Anafanana na nani?"

"Na wewe," nilisema. "Paji lako. Masikio ni ya baba yangu."

"Mweusi au mwekundu?"

"Maji ya kunde."

"Anapumua haraka."

"Ndiyo."

Alimweka kifuani, akaimba kidogo, ile sauti ya chini ya alto. Jioni muuguzi akamchukua. Mtoto alikufa alfajiri ya siku ya tatu. Mke wangu alianza kuona siku ya tano. Kwanza alisema kuna kitu cheupe, ikawa ni dirisha. Baadaye akaona blanketi, kisha mkono wangu. Nilikuwa nimeshamzika mtoto. Hakumwona kamwe.

Tulirudi Nuu kumalizia muhula tu. Siku moja nilipokuwa nikifunga vitabu, nilimwuliza kwa nini hakuniambia zaidi, kwa sababu sasa nilikuwa nimejua kwamba kichwa kilikuwa kimemwuma juma zima, na kwamba maumivu ya chini ya mbavu yalikuwa yamemkosesha hata kula.

"Niliogopa," alisema.

"Uliogopa nini?"

"Niliogopa ukisikia, moyo wako utasimama."

Hakusema kwa hasira. Ningependelea hasira. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakichoma kile kitabu, jambo la kijinga, maana kitabu hakikuwa na kosa; kila kitu kilikuwemo humo, ukurasa wa mbele kidogo ya pale niliposimama kusoma.

Niliomba uhamisho, nikapelekwa shule moja karibu na Tawa, kwao. Mzee wa dispensari alitusindikiza hadi kwenye gari na chupa ya asali. Mke wangu alimwita baba.

Kule Tawa, mwaka uliofuata, kina mama wa kanisa waliniomba niwafundishe juu ya afya, kwa kuwa ni mwalimu wa sayansi. Nilisimama nikaeleza mwili wa mama mja mzito: jinsi damu yake inavyoongezeka, moyo unavyofanya kazi ya watu wawili, figo zinavyochuja damu ya wawili. Nikafika kwenye ishara za hatari. Nikataja mkojo. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi nyuma alisimama.

"Mwalimu, hii ni nyumba ya Mungu. Maneno ya mkojo hayasemwi hapa."

Nilianza kuomba radhi. Ndipo mke wangu akasimama katikati ya kina mama.

"Mzee, mimi ni mtoto wako," alisema. "Nimezika mtoto ambaye sikumwona sura. Kama mtu angenitajia maneno hayo, popote pale, hata madhabahuni, ningemshukuru. Uso ukivimba, si kunenepa. Kichwa kikikataa kuacha, si jua. Ukiona vimulimuli mchana, toka hapo ulipo uende hospitali, usingoje bwana arudi." Akaketi.

Mzee akatoka nje. Nilisikia baadaye kwamba aliwatuma binti zake wawili kliniki.

Mke wangu alipopata mimba ya pili nilikuwa nimesahau kwamba nina moyo. Nilikuwa na hofu nyingine, na hii haikuwa ya kubuni. Daktari alituambia ugonjwa unaweza kurudi na unaweza usirudi. Kila Jumatano tulikwenda kliniki, na kila Jumatano, muuguzi alipokuwa akijaza hewa kile kitambaa, mimi niliangalia uso wa muuguzi huyo, si kipimo. Nyumbani nilimtazama akivaa viatu. Nilimwuliza juu ya kichwa asubuhi, mchana na jioni, mpaka siku moja akatupa mwiko.

"Niache nipumue! Mimi si mbuzi wa darasani."

Nikaacha kuuliza kwa sauti. Mwezi wa nane presha ilipanda kidogo, si sana. Hawakungoja. Walimlaza hospitali, akalala kwa ubavu, akapimwa kila siku, na mama yake akaja kukaa naye. Nilikuwa nikifika baada ya masomo, na siku moja nilipofika nilikuta kitanda kitupu na godoro limekunjwa. Mgonjwa wa kitanda cha pili ndiye aliyeniambia amepelekwa kujifungua tangu asubuhi.

Nilingoja nje, kwenye uwanja, karibu na kamba za kuanikia shuka. Sikukaa. Nilisikia mwanamke akilia ndani, sikujua ni nani, kisha kilio kikakatika.

Kwa mila zetu, mama mkwe na mkwewe wa kiume wana nthoni, yaani heshima ya kuepukana. Hatushikani mikono, hatuketi chumba kimoja, tukikutana njiani mmoja hupisha. Katika miaka yote hiyo, mama mkwe wangu alikuwa hajawahi kunisemesha uso kwa uso. Nilimwona akitoka mlangoni mwa wodi, leso kichwani, akanitafuta kwa macho. Aliponiona alisimama. Kati yetu kulikuwa na shuka nne zilizoanikwa. Alikuja mpaka kwenye shuka ya mwisho, akasimama nyuma yake, nikaona miguu yake tu na kivuli chake kwenye kitambaa.

"Mwalimu," alisema.

"Naam, mama."

"Ni msichana. Wote wawili wanapumua."

Kisha akaongeza, kutoka upande wake wa shuka, "Mama yake anaomba uji. Nenda ukatafute unga."

Nikaenda sokoni kutafuta unga.